Kinyago cha Gaël

Ignace ndiye aliyemfundisha Gaël kushika patasi. Kwa miaka sita walichonga pamoja kwenye banda la nyuma ya nyumba huko Troyeville, Joburg, Ignace Mrundi, Gaël Mkongo wa Bukavu. Siku mama mmoja mwenye duka la sanaa alipowaletea kinyago halisi cha Wadan wa Kodivaa, akataka kila mmoja achonge chake kwa kukifuata, Ignace hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Wiki ya pili alichungulia kazi ya mwenzake, roho ikamuuma. Paji la uso lilikuwa pana, laini, macho membamba kama ya mtu anayesinzia, midomo imefunguka kidogo. Akakitazama chake. Ubao wenye pua.

"Kaka Ignace, unakionaje?"

"Si kibaya."

Ijumaa mama alikuja. Cha Ignace alikigeuza mara moja, akakiweka. Cha Gaël alikishika kwa mikono miwili.

"Hiki nitakifuata Jumatatu, rangi ikikauka."

Baadaye Gaël alitoka kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Ignace aliweka patasi kwenye paji lile, akagonga. Ufa ukashuka hadi jichoni.

Gaël aliporudi alikaa chini, kinyago mapajani.

"Eish! Hii baridi kavu ya Joburg imenipasulia mti." Akainua macho. "Kaka, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Nisaidie."

Kwa siku mbili Ignace alijaza ufa kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka rangi. Hakuwa amewahi kufanya kazi kwa uangalifu hivyo. Jumatatu Gaël akamwambia yule mama, "Tumekitengeneza wawili. Bila kaka yangu huyu kingeishia jikoni kama kuni."

Mama alipoondoka, Ignace alishindwa kuvumilia.

"Haikuwa baridi. Nilikipasua mimi."

Gaël alimgeukia. "Kwa nini?"

"Umenipita. Nimekufundisha mwenyewe, na umenipita."

"Ungeniambia tu," Gaël alisema taratibu. "Ningefurahi mwezi mzima."

Akaanza kufungasha vifaa vyake. Meza yake ya kuchongea ilikuwa nzito. Ignace akashika upande wa pili, wakaibeba hadi kwenye gari la kukodi. Siku hizi Gaël anachonga mtaa wa Bellevue, na Ignace ana banda zima peke yake.