Diski Isiyouliza Mtu

Gesi ilipogunduliwa kwenye bahari ya Palma, kusini mwa mto Ruvuma, hakuna mwenyeji aliyeiona, hata kiasi cha kuchemshia yai. Walichokiona watu ni kompyuta. Zilikuja na wageni, zikaja na waliotaka kazi kwa wageni, zikaja na vijana kutoka Mbau walioning'iniza mkoba wa laptopu begani ili waonekane mainjinia, na ndani ya mkoba mara nyingine mlikuwa na mihogo. Zikishafika zilikula mchanga na chumvi, zikaambukizana virusi kwa flashi za nyimbo, halafu zote zikaishia kwenye kibanda cha Rukaya pale karibu na soko.

Rukaya alikuwa binti wa wachuuzi wa vitenge waliovuka Ruvuma kutoka Mtwara zamani, na ufundi wake aliupata huko huko kwa wajomba. Mikono yake ilikuwa myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Kilichomkera ni kwamba kila mashine ilitaka mfumo wake. Za maofisini zilitaka Windows XP ya Kireno. Zilizotoka Tanzania zilitaka Windows 7 ya Kiingereza. Na zile zilizogoma kabisa zilihitaji Linux, ambayo huwaka kutoka kwenye diski bila kugusa kilichomo ndani, ili fundi aokoe kwanza mafaili ya watu. Kila mfumo na diski yake, na kila diski ilikwaruzwa na mchanga mpaka ikafaa kutundikwa kwenye shamba la mpunga kutishia ndege.

Basi akaamua kutengeneza diski moja yenye yote. Aliharibu diski tupu nyingi, akatukana kwa lugha tatu, mpaka moja ikakubali. Ukiwasha mashine, inaleta orodha kwenye skrini: XP, Windows 7, Linux. Inasubiri sekunde kumi uchague. Usipochagua, inajichukulia ya kwanza na kuendelea na safari. Na hiyo ya kwanza, XP, Rukaya aliifundisha kujijibu maswali yote: nifute vilivyomo, ndiyo, nisafishe, ndiyo, nianze upya, ndiyo. Kampuni moja ya kujenga kambi ilikuwa imemletea rundo la kompyuta kuukuu, zote zikitaka hicho hicho, naye hakuwa na subira ya kubonyeza vitufe siku nzima. "Haiulizi mtu," alijisifu kwa kila aliyeingia. Na alikuwa na haki ya kujisifu, maana ilikuwa kazi safi, tena imefanyika Palma, si Maputo wala Dar es Salaam.

Tatizo ni kwamba Rukaya mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, hana muda wa maswali. Na pwani ile salamu si neno moja. Unaulizwa ulivyoamka, nyumbani, mama, baba, mgonjwa kama yupo, shamba, mbuzi. Nawe unajibu kimoja kimoja, umemkabili anayekuuliza, kisha unaanza kumuuliza yeye. Rukaya alijibu yote hayo kwa "salama" moja, macho kwenye skrini. Bi Atija, mama yake Rafique, alimpitia siku moja kibandani akatoka akisema binti yule anasalimia kama anafukuza kuku. Na Rafique ndiye aliyetaka kumwoa Rukaya. Rukaya naye alimtaka Rafique kwa moyo wote, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Rafique, tena kwa ukali.

"Mama hakukatai," Rafique alimwambia. "Anasema tu hatapeleka posa kwa mtu asiyejua kuamkia. Safari hii akija, simama. Mtazame. Mjibu kila kitu."

"Na kama nina kazi mkononi?"

"Iache kazi."

Siku hiyo Rafique alikuwa amemletea laptopu ya nyumbani kwao, ambayo Windows yake ilikataa kufunguka. Ndani yake zilikuwamo sauti za baba yake, marehemu Faquir. Alipolazwa hospitalini Pemba mwaka juzi, Pemba ule mji wa kusini, si kisiwa, mtandao ulikuwa unakatika kila wakitaka kuongea, basi akawa anajirekodi kwenye simu, anaitoa kadi ya kuhifadhia, anampa abiria anayepanda kaskazini. Kadi inabadilisha mikono njia panda ya Awasse, inapita Mute, inamfikia Atija ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Alituma mara nne. Rafique alizihamishia sauti kwenye kompyuta, kisha kadi zenyewe akazijaza muziki, ujinga wa ujana tu. Baba yake hakurudi akiwa hai. Sauti hizo nne ndizo zilizobaki duniani, na Atija alikuwa akizisikiliza kila Alhamisi.

Rafique akaenda zake. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: diski, Linux, hamisha sauti. Rukaya aliingiza diski, akawasha, akapeleka kidole kwenye vitufe.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Bi Atija, leso mbili za namna moja, uso wa mtu aliyekuja kukagua. Rukaya akainuka kama aliyechomwa sindano. Akaipa mashine mgongo, akakunja magoti.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, mama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na baba, ule mguu wake?"

"Unaendelea vizuri, alhamdulillahi."

Rukaya aliuona uso wa Atija unalegea, akajiona anafaulu mtihani. Nyuma yake diski ikaanza kunguruma. Aliujua mngurumo ule. Linux huanza polepole, kwa kusitasita. Huu ulikuwa wa XP ikiingia kazini. Ilikuwa hatua moja tu kuifikia mashine, lakini ingebidi amgeuzie mama mkwe kisogo katikati ya salamu, basi na posa ingeishia hapo. Akajiambia, nijibu hili moja tu. Likaja jingine.

"Na bibi yako huko Mtwara?"

"Yupo, mama. Macho tu ndiyo yamepungua nguvu."

"Mungu amjalie. Na mihogo mwaka huu?"

Mihogo ndiyo iliyomaliza kila kitu. Rukaya alipogeuka, skrini yote ilikuwa ya buluu na mstari wa njano ulikuwa unasonga mbele bila wasiwasi wowote. Akachomoa waya, akang'oa betri. Kibanda kikanyamaza.

Kila fundi ana uongo wake wa akiba. Wa Rukaya ulikuwa: ilishakufa kabla hujaniletea. Alikuwa ameutumia kwa watu wema kuliko Bi Atija, na mdomo ulishafunguka kuusema. Lakini mama yule alikuwa anatafuta pa kukaa, bado anatabasamu kwa raha ya kuamkiwa vizuri, na uongo ukamshinda.

"Mama, nimezifuta sauti za baba Rafique."

"Umezifuta saa ngapi? Mimi nimesimama hapa hapa."

"Tulipokuwa tunaamkiana. Hii diski nimeitengeneza mimi. Usipoichagulia, inafuta. Niliisikia inaanza."

"Uliisikia."

"Niliisikia."

"Na ukaendelea kunijibu."

"Ulikuwa unamuuliza bibi yangu, mama."

Atija alimkazia macho kwa muda mrefu. "Bibi yako mimi hata simjui," akasema.

Rukaya alitamani ardhi imfunike. Aliona posa imekwenda na Rafique pamoja nayo, na bado hilo halikumuuma kama lile jingine: mwanamke huyu hatamsikia tena mumewe, na waliomnyamazisha ni wao wawili, kwa adabu.

"Hazirudi kabisa?" Atija akauliza.

"Huenda zikarudi. Inapofuta, kwanza inafuta njia ya kuvifikia vitu. Vyenyewe hubaki mpaka viandikiwe juu. Sijui kama nimeizima mapema vya kutosha."

"Basi tafuta. Usinitazame mimi."

Akaiwasha tena kwa diski ile ile, safari hii kidole kiko juu ya kitufe kabla orodha haijatokea. Akachagua Linux, akaanzisha programu ya kufukua vilivyofutwa, akainamia skrini. Atija alikaa juu ya ndoo ya rangi, mlangoni, akiwa ameziba nusu ya njia.

Mchana akatokea Abdurremane, mwalimu wa madrasa, aliyefuata printa yake. Akavua kofia, akajiweka sawa. "Assalaam alaykum, Bi Atija. Mmeamkaje? Nyumbani..."

"Waalaykum salaam. Wazima wote," Atija akamkata, "na usiowajua pia. Rudi kesho, mwalimu. Mtu ana kazi humu."

Mwalimu alibaki na kofia mkononi. Alikuwa amemjua mama yule maisha yake yote na hakuwahi kukatwa naye hata katikati ya habari za mbuzi. Aliondoka akigeuka geuka nyuma.

Alasiri programu ikaleta faili moja. Rukaya alilibonyeza. Kikatangulia kikohozi, kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyekaa kitandani.

"Atija. Assalaam alaykum. Umeamkaje, mke wangu?"

Sauti ikanyamaza kidogo. Faquir alikuwa anaacha nafasi ya jibu, ingawa alijua halitamfikia.

"Nimeamka salama," Atija akasema.

"Nyumbani wote?"

"Wote wazima."

"Na Rafique?"

"Yupo. Anataka kuoa."

"Mbuzi je?"

"Mmoja amezaa."

Rukaya aliweka mikono mapajani, hakugusa kitu. Sauti ikavuta pumzi kama inayoanza habari yenyewe, kisha ukaja mkwaruzo, na basi.

"Imeishia hapo, mama," Rukaya akasema. "Kilichofuata kimeandikiwa juu. Nisamehe."

Atija alifuta uso kwa ncha ya leso. "Baada ya hapo anasema Jumamosi wanamruhusu, atapanda gari, twende tukampokee Awasse," akasema. "Hapo mimi huwa nazima."

Akairudisha leso begani. Kisha Atija akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mama yako Ijumaa tunakuja na posa."

Rukaya akaanza kuinuka ili apige magoti ashukuru kama inavyotakiwa. Atija akamshika bega, akamrudisha kitini.

"Kaa. Bado tatu."