Mahindi Mekundu ya Hermelinda

Mwalimu Nereo alivua kofia mlangoni kwa bibi Hermelinda kama mtu aliyekuja kuposa. Darasa la tatu walikuwa wamefika kwenye somo la chakula chetu kinatoka wapi, na kitabu kilicholetwa kutoka mjini kilikuwa na picha ya rafu za duka na mwanamke anayesukuma kikapu cha magurudumu, basi.

"Niliwauliza watoto mahindi yanatoka wapi," alisema. "Unajua walinijibu nini, bibi? Kwenye lori la Alhamisi."

Hermelinda alicheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikamwisha. Watoto hawakusema uongo. Nyumba zote za Santa Eulogia, huko juu mlimani, zilikuwa zinakula mahindi meupe ya magunia. Vijana walikwenda kaskazini kuchuma nyanya za watu, na waliobaki waliona kulima ni kujitafutia maumivu ya mgongo. Mahindi mekundu, yale yanayovumilia baridi ya huko, yalibaki kwake tu. Mvua ya mawe ilikuwa imemharibia shamba miaka miwili mfululizo, na sasa alikuwa na mahindi matano, yamening'inizwa darini juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Yalikuwa yamezeeka. Yasipopandwa mwaka huu, mwaka ujao yangekuwa pambo la dari.

"Nitayapanda yote," alimwambia mwalimu. "Mawili kwenye bustani ya shule, matatu shambani kwangu. Kesho asubuhi watoto wawe na vijiti vya kupandia. Na hicho kitabu chako kiwashie moto."

Mchana ule aliyapukuchua. Punje za ncha na za kitako aliwatupia kuku. Za katikati, zile pana zinazolingana, ndizo mbegu; hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake alipoletwa nyumba hiyo akiwa bibi arusi. Akaziloweka kwenye chungu ili ziamke, akakiweka kando ya mafiga penye joto kidogo. Kisha akakaa akikitazama, amefurahi, jambo ambalo kwake halikuwa la kila siku.

Jioni akaingia Yadira, mke wa mwanawe Fidencio, na pakiti mkononi.

"Mama, nimechukua unga kwenye lori. Unatia maji, unakanda, basi. Upumzishe mgongo."

"Mgongo wangu umekuja kukulalamikia?"

"Hapana, mama, nilifikiri tu..."

"Ulifikiri! Ndiyo maana Fidencio alikimbilia kaskazini. Mwanamume gani atakaa alishwe vumbi la pakiti?"

Hermelinda akisema, mikono yake hukosa utulivu. Miaka arobaini na minane mikono hiyo ilikuwa ikifanya kazi moja kila jioni: mahindi ndani ya maji, konzi ya chokaa, chungu juu ya moto, ili asubuhi punje zichunike maganda na kusagwa kwa ajili ya chapati. Haikuhitaji kuulizwa. Mdomo ukashika njia yake, mikono ikashika yake, ikakitwaa chungu kilichokuwa kando ya mafiga.

"Mama, hicho chungu..."

"Nyamaza! Umeniletea unga wa kupaka ukuta, sasa utanifundisha na chungu? Jiko hili ni langu tangu mama yako hajavunja ungo!"

Yadira akanyamaza. Mtu akinyamazishwa miaka sita hujifunza. Aliketi kwenye kigoda akatazama chokaa ikiyeyuka na moto ukipanda, machozi yanamlengalenga, na mama mkwe wake akadhani analilia pakiti.

Asubuhi Hermelinda alikwenda kuchukua mbegu. Alikuta chungu kimepoa juu ya mafiga, maji yamegeuka manjano mazito. Alichukua punje moja akaisugua kwa vidole, ganda likachunika. Akachukua ya pili, likachunika. Aliendelea kusugua moja moja, kama kwamba miongoni mwazo ingekuwapo moja iliyokataa kuiva.

"Nilitaka kukwambia," alisema Yadira kutoka mlangoni.

"Najua. Nilikuzuia mwenyewe."

Hasira, hasara. Lakini hasara hii haikuwa ya kumwagika uji. Mbegu ile ilikuwa imepita mikononi mwa wanawake wa nyumba hiyo tangu kabla kanisa halijajengwa, ikamshinda yeye.

Akapiga moyo konde, akajifunga shali, akaenda kwa Crescencia.

Crescencia alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na walikuwa hawasalimiani mwaka wa nne. Kwenye matanga ya kaka yake, Crescencia alisema mbele ya watu kwamba marehemu alikufa kwa kufanyishwa kazi kama punda. Majira ya kupanda yaliyofuata alikuja kuomba mahindi mawili ya mbegu, kwa kuwa yake yaliliwa na panya. Santa Eulogia mtu huweza kunyimwa chumvi, hata maji, lakini hanyimwi mbegu. Wazee waliweka desturi hiyo kwa sababu mvua ya mawe haipigi mashamba yote siku moja. Ikikumaliza wewe, mbegu utaikuta kwa jirani. Hermelinda alimfungia mlango, na sasa alitumaini tu kwamba panya walimsazia hata punje chache.

"Ama kweli leo jua limetokea upande mwingine," alisema Crescencia. Hakusimama, wala hakumkaribisha kiti. "Umepotea njia, wifi?"

"Nimekuja kukuomba mbegu nyekundu. Hata punje kumi. Hata tano."

"Zako ziko wapi?"

"Nimezipika."

Crescencia alifungua mdomo ili acheke, lakini kicheko hakikutoka.

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nagombana na mkwe wangu."

"Nilikuomba mahindi mawili," alisema Crescencia polepole. "Mawili, Hermelinda. Mbegu ya mama yangu mzazi, siyo ya mama yako. Ungenipa, leo ningekujazia kikapu, na ningekusema mpaka ukome, lakini ningekujazia. Roho yako ya korosho hiyo. Nimekaa miaka mitatu nakula ya gunia."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nikikusamehe itaota?"

Hermelinda alirudi nyumbani bila kuinua macho. Alisaga zile punje zote. Yadira alimsaidia kukanda na kuchoma. Chapati zilitoka za rangi ya matofali, na jikoni kulinukia kama zamani, ikamuuma zaidi.

Bustanini, watoto walikuwa wamejipanga mbele ya vishimo vyao, vijiti mkononi. Hermelinda alipotua kikapu na kufunua kitambaa, walipiga kelele wakidhani ni kifungua kinywa. Walikula mpaka wakalamba vidole. Mwalimu Nereo naye alikula mbili.

"Aisee, bibi, hizi ni kitu kingine," alisema. "Haya, sasa tuonyeshe mbegu."

"Ndiyo hiyo mnayotafuna."

Watoto wakacheka, bibi ana vituko. Yeye hakucheka, nao wakaacha mmoja mmoja.

"Nilikuwa na mbegu," aliwaambia. "Jana niliitia chokaa na moto kwa mikono hii, kwa sababu nilikuwa natukana. Na hata hivyo isingeisha, ingekuwepo kwa wifi yangu, lakini nilimnyima. Hakuna nyingine. Mwalimu, waandikishe hivyo hivyo, usiipambe."

Mwalimu alishika chaki akaizungusha mkononi. Hakuwa na ubao pale bustanini.

Msichana mmoja mwishoni mwa mstari, Nayeli, alitoa mdomoni kipande alichokuwa hajakimeza. Akakiweka kwenye kishimo chake, akakifukia vizuri, akapiga udongo kwa kiganja kama alivyofundishwa. Kisha akachukua kopo akamwagia maji.

Hermelinda alimwendea, akapiga magoti kwa shida, akakifukua.

"Kula, mjukuu wangu," alisema. "Hiki hakioti."

Nayeli alikipangusa udongo kwenye sketi yake, akakila.