Lami na Waridi

Chupa ya tatu ilipofunguliwa, watu saba waliokaa chini ya mabango ya meno walinyamaza kama wanaosubiri matokeo ya mtihani, wakamtazama Pua.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, daktari wa meno alifunga kliniki yake, akapanga viti vya wagonjwa duara, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya magazeti. Hapo ndipo klabu ya mvinyo ilipokutania. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Italia: Soave nyeupe, Chianti, na mwisho Barolo, ambayo daktari alikuwa ameilaza kabatini miaka sita akiingojea siku klabu itakapotimiza miaka kumi.

Pua hakuzaliwa na jina hilo. Miaka thelathini alikuwa karani wa vipimo, mtu wa kukagua mizani za madukani, ambaye hata majirani walisahau kumwamkia. Klabu ndiyo iliyomwokota. Huko iligundulika kwamba angeweza kunusa glasi akataja zabibu zake, na wakati mwingine hata pipa zilimolala. Wakampa jina, na jina likampa kifua.

Ila tangu homa ya mwezi wa tatu, Pua hakunusa kitu. Si mvinyo, si sabuni, si jasho lake mwenyewe. Chakula kilikuwa moto au baridi, laini au kigumu, basi. Mtaalamu aliyempima alisema labda hisia ingerudi; miezi minane baadaye alikuwa ameacha kusema labda. Siri hiyo aliijua mkewe, aliyemwonjea maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Siku moja alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe jikoni anasoma gazeti kwa utulivu, na gesi imejaa nyumba nzima. Hakupiga kelele. Alifunga mtungi, akafungua madirisha, kisha akakaa sakafuni akalia.

Klabuni mambo yaliendelea vilevile. Ijumaa Pua alisoma vitabu vyake akakariri. Jumamosi alifumba macho juu ya glasi akayatoa aliyoyakariri. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imefika miezi minane, na kila mwezi ilizidi kuwa ya upweke.

Basi akainua glasi ya Barolo, akaizungusha, akavuta pumzi. Ilikuwa kama kuchungulia kisima kilichofukiwa.

"Lami," alisema polepole. "Lami ya barabara mpya, jua likiwa kali. Na nyuma yake, waridi lililoanza kunyauka."

Wote wakainamia glasi zao. Mpima ardhi alisema naam, lami yenyewe. Mshonaji, mama wa makamo ambaye hajawahi kukosa kikao, alisema kwake yeye waridi ndilo lililotangulia. Daktari alivuta pumzi ndefu, akasema miaka sita haikwenda bure. Na wengine watatu wakaitikia kwa vichwa.

Shemeji wa Pua peke yake, mdogo wa mkewe, fundi magari aliyekuja siku hiyo kama mgeni, aliweka glasi mezani.

"Shemeji, mbona hii inanuka gunia lililolala majini?"

Pua alijua maana ya maneno hayo, maana yeye ndiye aliyewafundisha: kizibo kikiwa kibovu, mvinyo hunuka gunia bichi, na hapo hauna wa kuuokoa. Angeweza kusema. Badala yake akatabasamu.

"Pua iliyolelewa kwenye oili chafu, shemeji, waridi italijulia wapi?"

Wakacheka, kicheko kirefu cha watu waliotuliwa mzigo. Fundi naye akacheka kidogo, kwani utani wa mashemeji hauna kesi, kisha akainuka kwenda kunawa. Pua akamfuata hadi kwenye sinki mwisho wa korido.

"Dada aliniambia tangu siku ya gesi," fundi alisema, akiendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. "Yeye ndiye aliyenituma nije leo. Anaogopa."

"Ndiyo uje uniaibishe mbele za watu?"

"Sikukuaibisha, shemeji. Nilikufungulia mlango. Niliona umechoka."

Kilichomkata Pua maini hakikuwa kugunduliwa. Walikuwa wale sita waliolinusa waridi. Miezi yote hiyo alikuwa akijiliwaza kwamba hata pua yake ikifa, kazi yake ipo, imo katika pua za wenzake. Kama wamelinusa waridi ndani ya gunia, je, miaka kumi walinusa nini?

Aliporudi, mshonaji alikuwa akiongezewa.

"Usinywe, mama," Pua alisema. "Mvinyo umeharibika. Shemeji alisema kweli. Mimi sinusi kitu tangu mwezi wa tatu."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo likamlemea kuliko lawama. Daktari alimuuliza kitabibu kama amewaona wataalamu, naye akajibu amewaona. Mpima ardhi alisema pole, na pole hiyo ikazunguka duara zima, kila aliyeitoa akijitahidi asiitazame glasi yake mwenyewe. Mmoja alikumbuka kwamba ana mgeni nyumbani, akaaga.

Daktari, asijue aiweke wapi mikono yake, alitoa kabatini chupa ya akiba kutoka Sisilia, akamimina. Watu wakazishika glasi, wakangoja. Hata sasa walikuwa wakimngoja yeye.

Pua akamgeukia mshonaji. "Niambie wewe, mama. Humo mna nini?"

Mshonaji, mwanamke aliyekitambua kitambaa chochote kwa ncha ya kidole, aliingiza uso glasini. Alikaa hivyo muda mrefu. Nje mtu alijaribu kitasa cha mlango, akasoma kibao, akaenda zake. Mama yule alipoinua uso, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Sijui," alisema. "Sijui, ndugu yangu."

Pua hakumsaidia. Mshonaji akainama tena juu ya glasi.