Tezi Zilizobaki

Mtaani walimwita Bi Tanuri, kwa sababu alioka mikate na kwa sababu hasira zake zilijulikana. Lakini asubuhi hiyo aliingia kwa daktari wa upasuaji na bashasha tele, mkono mmoja juu ya mshono, kaka yake mkubwa akimfuata unyounyo. Alivyojua yeye, vidonda vya tumbo vilikuwa vimeshatolewa. Alitaka ruhusa tu ya kurudi kukanda unga.

"Ile saratani tuliyoitoa," daktari akaanza, macho kwenye majibu ya maabara.

"Saratani ya nani?"

Daktari akainua macho. Kaka akakohoa. Bi Tanuri alikijua kikohozi hicho tangu utotoni. Kilimtoka kila alipobanwa na uongo wake.

"Kaka, nakuuliza wewe."

"Tulikaa kama familia, dada, tukaona tusikutie hofu. Tukasema ni vidonda. Tuliogopa utakata tamaa."

Hapo ndipo alipoikumbuka siku ya kuamkia upasuaji. Daktari alikuja kitandani akamweleza kwamba angekata sehemu ya tumbo, na kwamba ingefaa kuziondoa pia tezi zilizofichama kwenye mafuta yanayolizunguka. Upasuaji ungekuwa mrefu, na kupona kungechelewa. Naye, mtu wa vidonda, akacheka. "Tezi zangu zimekukosea nini, Daktari? Niachie." Wakacheka wote wawili. Kaka alikuwa amesimama pale pale miguuni pa kitanda, akaona jibu linatolewa kwa ujinga aliomtia yeye mwenyewe, akafyata mkia.

"Nilidhani unajua," daktari alisema kwa sauti ndogo. "Ugonjwa huu hupenda kuhamia kwenye tezi hizo kwanza. Zilizobaki huenda ni safi, huenda si safi. Kumfungua mtu tena haraka ni hatari. Nashauri tuanze dawa za dripu."

"Ataanza," kaka akadakia. "Tutakaa kama familia, tutakuletea jibu, Daktari..."

"Funga mdomo!" Mshono ulimuuma, hakujali. Damu ilimchemka hadi masikioni. "Nimemzika mume, nimelea watoto peke yangu, leo mimi ndiye mwoga? Mwoga ni wewe, kaka. Ulishindwa kutamka neno moja, ukaniachia ugonjwa tumboni. Toka nje."

"Dada, mbele za watu..."

"Toka!"

Kaka alimtazama daktari, akitafuta mtu wa kumtetea. Daktari akainamisha uso. Mlango ulipofungwa, Bi Tanuri akamgeukia.

"Na wewe usidhani umepona. Tumbo lilikuwa langu, habari ukampa yeye."

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea sana." Akavuta kiti hadi magoti yake yakagusa meza. "Sasa anza upya. Niambie mimi, na usipunguze neno."