Cherehani ya Jumamosi

Alida alitoka Bujumbura kuja Kigali kufundisha Kifaransa katika shule moja ya binafsi, kwa kibali cha kazi cha muda. Jumamosi zilimshinda. Chumba chake katika mtaa wa Kibagabaga kilikuwa kimya mno, basi akanunua cherehani, akaanza kushona. Wanawake wa mtaani wakaja, wakapimwa, wakalipa, wakabaki kupiga soga. Akazoea kuchemsha chai ya watu wengi.

Kisha mwalimu mwenzake akamtahadharisha kuwa huenda kibali chake hakiruhusu kazi hiyo, naye akaenda mwenyewe uhamiaji kuuliza.

“Kibali chako ni cha shule tu,” ofisa alimwambia kwa upole. “Kushonea watu kwa malipo kunahitaji kibali kingine.”

Jumamosi iliyofuata Gahongayire, mteja wake wa kwanza, alibisha hodi akiwa na kitenge kipya.

“Siruhusiwi kushona tena, dada,” Alida alimwambia. “Lakini karibu ndani, chai iko tayari.”

“Asante, nina haraka. Unamjua fundi mwingine?”

Alida akamwelekeza kwa fundi wa Gitega, mtaa mwingine wa Kigali. Hakuja mtu mwingine. Mchana alimwaga chai, akampigia mama yake simu, wakazungumza habari za mvua.