Jumapili Saa Nne, Darasa la Udereva

Dada yangu alipotangaza kwamba ataolewa katika chuo cha udereva, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Cheka umalize," alisema. "Ukimaliza niambie ni wapi kwingine."

Nikaacha kucheka, maana kwingine kote tulishapita. Yeye na shemeji yangu, fundi wa miwani, hawasali na hawaoni haya kusema hivyo. Ofisi ya msajili wa ndoa ina viti sita na feni iliyokufa. Ukumbi wa jirani una baa mlangoni, na mama yetu hakatizi mbele ya baa hata inyeshe mvua ya mawe. Kanisani kwa mama wangepokelewa, lakini shemeji alisema hawezi kuapa mbele ya mtu ambaye yeye haamini kwamba yupo. Ni kama kuongea na simu iliyozimwa.

Dada ni mwalimu wa udereva. Darasa lake lina viti arobaini, feni nzima, na mlango unaotokea kwenye uwanja wa mazoezi. Tena ndiko walikokutana: shemeji alifeli kuegesha gari mara tatu. Mimi husema alifeli makusudi. Yeye huapa kwamba hakuwa na akili hiyo.

"Nataka mama akae kiti cha mbele," dada alisema. "Mengine yote ni mapambo."

Ratiba ya chuo huipanga yeye mwenyewe. Kwa miaka minane safu ya Jumapili asubuhi imekuwa nyeupe, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kujiandikisha. Akaona ni bahati. Msajili naye alikuwa na nafasi saa hiyo hiyo, jambo ambalo lingetushtua kama tungekuwa watu wa kushtuka.

Kadi nilizichapa mimi, maana nafanya kazi kwenye duka la uchapaji. Nilizihakiki mara tatu. Nilisogeza nukta. Niligombana na dada juu ya rangi ya maua ya pembeni. Jumapili, saa nne kamili asubuhi. Sikuona kitu.

Mama aliisoma kadi akiwa amesimama jikoni. Akairudia, akaiweka juu ya friji, akasema, "Nimeelewa."

Nikampigia dada kumwambia mama amekubali. Tukashusha pumzi wote wawili, kila mtu upande wake wa simu.

Alhamisi kabla ya harusi nilimkuta mama anapiga pasi blauzi nyeupe na sketi ya buluu. Hiyo ni sare yake ya uhudumu. Kila Jumapili husimama mlangoni pa kanisa, anawapokea watu wakiingia na kuwaaga wakitoka. Miaka ishirini na miwili, na akiwa na homa huenda na homa yake.

"Mama, Jumapili si harusi?"

"Ni harusi." Akageuza mkono wa blauzi. "Na ni ibada. Mngeniambia kwa mdomo kwamba hamnitaki, ningeumia siku moja nikapona. Lakini kukaa kikao, mkatafuta saa ambayo mnajua nimesimama wapi, halafu mkaichapa na maua pembeni. Mmejitahidi, baba."

Mimi ni mtu wa kujibu. Shuleni walimu walinihamishia dawati la mbele kwa sababu ya kujibu. Siku ile nilitoka nje nikampigia dada.

Nikamweleza alichosema mama.

"Ndiyo maana hawaji," alisema.

"Kina nani?"

"Wanafunzi wa Jumapili. Wako kanisani."

Nikamwambia basi tusogeze saa. Haikuwezekana. Msajili alikuwa na harusi nyingine saa sita upande wa pili wa mji, na nafasi yake iliyofuata ilikuwa baada ya miezi miwili. Wazazi wa shemeji walikuwa tayari ndani ya basi, wana siku mbili za safari.

"Basi mwambie ukweli," nilisema. "Mwambie tulisahau."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, mdogo wangu. Akidhani tumefanya kusudi, angalau tulikuwa tunamfikiria."

Nikamwambia mimi. Ilikuwa Jumamosi mchana, anachambua mchele, nami nimekaa kwenye kibao chake kidogo magoti yakiwa kifuani.

"Mama, hatukukusudia. Tulisahau tu."

"Mlisahau."

"Ndiyo."

"Mimi niko pale mlangoni tangu wewe hujui kufunga vifungo." Aliokota jiwe, akaliweka kando. "Mlisahau Jumapili, au mlinisahau mimi?"

Nikasema dada anamwomba aje hata kwa nusu saa. Akasema mhudumu haachi mlango, na kama ni kuombwa, aliyemwomba anazo namba zake. Nikampigia dada. Dada akasema atapiga. Nadhani alishika simu jioni nzima. Ya mama haikulia.

Jumapili tulitoka nyumbani pamoja, yeye na sare, mimi na suti ya kuazima iliyonibana kwapani. Kwenye kona akasimama, akanitengeneza kola. Kisha akashika njia ya kushoto bila haraka, mkoba chini ya mkono, nami nikashika ya kulia.

Darasani tulikuwa kumi na watatu, ukinihesabu mimi na msajili. Kati ya viti na watu kulikuwa na nafasi ya kuegesha basi. Nilisema hivyo kwa sauti, na shemeji peke yake akajitahidi kutabasamu. Dada alisimama chini ya picha za alama za barabarani, gauni lake la rangi ya maziwa, anatazama mlango. Msajili akatazama saa yake.

"Dakika tano," dada alisema.

Akaomba nyingine tano. Baba mkwe akakohoa. Mkewe alitaka kuusogeza mkoba wake kwenye kile kiti cha mbele, na dada akasema taratibu, "Hapo pana mtu, mama." Kisha akamgeukia msajili: "Endelea."

Waliapa, wakatia saini. Nami nikatia saini ya shahidi.

Saa sita kasoro niliwaacha wakipiga picha uwanjani, nikaenda kwa miguu mpaka kanisani. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanatoka kwa foleni, na mama yuko mlangoni akimpa kila mmoja mkono. Sikujua nimefuata nini. Nikajipanga kwenye foleni ya upande wake.

Aliniona nikiwa bado mbali. Nilipofika akanipa mkono kama wengine.

"Ameolewa?"

"Ameolewa."

"Karibu tena, mzee," alimwambia aliyekuwa nyuma yangu. Kisha kwangu: "Alivaa nini?"

"Gauni la rangi ya maziwa. Mikono mirefu."

"Lilimkaa?"

"Lilimkaa."

"Karibuni tena. Wasalimieni nyumbani." Bado alikuwa ameshika mkono wangu. "Na mimi mliniwekea kiti?"

"Cha mbele. Dada alimkatalia mtu kukitumia."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara mbili, macho yake yakiwa juu ya bega langu. Nilitaka kumwambia kwamba bado wapo, wanapiga picha, ni mwendo wa dakika ishirini tu. Lakini foleni ilikuwa ndefu nami nilikuwa nimeiziba. Akauachia mkono wangu, akampa wake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, nami nikasogea kando.