Mikono Miwili Juu

Kila mvuvi ana alama zake za nchi kavu, na za Kipara zilikuwa mbili: mnara wa simu nyuma ya soko, na kiti cheupe cha plastiki ambacho baba yake hukalia barazani. Mnara ukisimama sawasawa juu ya kiti, ujue mashua iko ukingoni mwa mwamba, na hapo ndipo nguru hupita asubuhi wakifukuza dagaa. Si mbali. Ukiwa pale waziona nguo zilizoanikwa na wajua ipi shuka, ipi suruali. Wenzake walikwenda bahari kuu, wakarudi na visa vingi kuliko samaki. Yeye alivua huku akiiona nyumba yake.

Jina la Kipara alipewa kwa sababu kichwa chake kiliwahi kuzeeka kuliko miguu. Kwa baba yake ilikuwa kinyume: miguu ilikuwa bado ya kijana, kichwa ndicho kilichomwacha. Mzee alikuwa mvuvi tangu hajaota ndevu. Sasa aliweza kukuuliza jina lako, ukamjibu, akafurahi kukufahamu, na baada ya muda mfupi mkafahamiana upya. Mara mbili alikutwa ufukweni akitafuta mashua iliyooza zamani. Dada mkubwa wa Kipara akaleta kufuli la geti, akaliweka mezani, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kipara akalitupa kwenye droo, akasema baba si mbuzi wa kufungiwa. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyeshinda na mzee kutwa nzima, jicho moja kwenye sindano na jingine barazani, na hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje.

Asubuhi hiyo Kipara alikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mdomo. Ukikaa naye kwenye mashua ndogo huna haja ya kuuliza kwa nini. Walikuwa wakiburura mishipi nyuma ya mashua, mashine ikienda polepole, Mdomo akieleza jinsi alivyowahi kuponyokwa na nguru mrefu kuliko yeye mwenyewe, mara mshipi wa Kipara ukakazika na kuanza kumtoka mkononi. Nguru hana subira. Huyu alikimbia, akageuka, akapita chini ya mashua, na kabla Mdomo hajazima mashine, mshipi ulikuwa umejizonga kwenye propela. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Samaki akaukata mshipi, akaenda zake.

Kwanza walicheka. Kisha Kipara akainua macho kutazama alama zake, ajue mkondo unawapeleka wapi. Mnara aliuona. Kiti alikiona. Mzee hakuwepo kitini.

Alimwona chini, mchangani, mkono ukikinga jua, akiitazama mashua iliyozimika. Akakunja suruali yake, akaingia majini.

Pwani ile ni bapa. Maji hukufika magotini, ukaenda, yakakufika kiunoni, ukaenda tena. Halafu kuna mfereji wa kupitishia boti, na hapo hakuna pa kukanyaga. Kipara akasimama kwa pupa, mashua ikayumba, akapaza sauti mpaka koo likamchoma. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, ukamrudishia sauti yake yote. Simu hawakuwa nazo. Walikuwa wakiziacha nyumbani tangu ya mwisho ilipokunywa maji ya chumvi. Akainua mikono miwili, akaishusha, akaiinua tena: rudi, baba, rudi. Mzee akaona. Naye akainua yake, akajibu vilevile, akaongeza mwendo.

Mdomo alikuwa amekwisha kujitosa na kisu, akihangaika na propela. Kasia walikuwa nalo moja tu, na upepo wa usoni. Kipara akazidi kupunga, na kila alipopunga mzee akazidi kusogea. Maji yalikuwa yamemfika mzee kifuani, ndipo Kipara akakumbuka. Mikono miwili juu, ikishuka na kupanda, ilikuwa ishara ya mzee mwenyewe. Alimfundisha utotoni: mashine ikikufia, mpungie hivi aliyeko nchi kavu, naye atakuja. Jina la mwanawe lilikuwa limemtoka, lakini hili halikumtoka. Mwanawe alikuwa anamwita, naye alikuwa anakuja.

"Bado, shemeji?"

"Bado. Mshipi umeingia ndani kabisa."

Kuogelea asingewahi. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, na lilimuuma kuliko yote. Kipara alishusha mikono, akaketi, akampa baba yake mgongo. Akajifanya anakunja mshipi, kama mtu asiye na shida na yeyote. Hakujua kama nyuma yake mzee anatembea au anazama. Aliogopa kama mtoto. Mdomo, kichwa chake kikielea kando ya mashine, ndiye aliyeweza kuona.

"Amesimama," akasema hatimaye. Kipara akaukunja mshipi duru nyingine, asigeuke. "Anageuka."

Walipofika nyumbani, mke wa Kipara alikuwa amekwisha kumvisha mzee nguo kavu, akawa anapangusa sakafu huku machozi yakimtoka. Cherehani ikianza kelele sisikii kitu, alisema. Mzee alikuwa kitini, amenuna. Kipara akamwamkia. Mzee akaitikia kama unavyomwitikia mgeni, kisha akamkazia macho.

"Mliniita," akasema. "Nikaja. Halafu mkanipa mgongo."

"Hatukuwa na shida, baba."

"Basi kama hamnihitaji, msiniite."

Kabla ya chakula alikuwa amesahau kisa chote, ila kununa hakuacha, na mwenyewe hakujua amenunia nini.

Kesho yake Kipara alilitoa kufuli kwenye droo. Akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Lilifunga vizuri. Dada alikuwa amenunua la maana.

Kule baharini mnara ulisimama sawasawa juu ya kiti. Mdomo alikuwa akimsimulia Kipara mkasa wa jana, kana kwamba Kipara hakuwepo. Kipara akatazama nchi kavu. Kiti kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya nondo za geti, uso umeelekea baharini, na mikono yake miwili ilikuwa juu. Ikashuka. Ikapanda.

"Shemeji," Mdomo akasema, "mshipi wako."

Nguru alikuwa ameshika, tena mkubwa. Mikono ya mzee ilikuwa bado inapanda na kushuka. Kipara akaketi, akampa mgongo, akaanza kuvuta.